Bustani za burudani, mtindo wa zamani na wa sasa: wapi pa kwenda kutembea, wapi pa kwenda kuomba kazi

Ukiwasikiliza watu walioanza kwenda kwenye bustani kubwa za burudani miaka ya 1970 na 1980, utadhani mtindo wa wakati ule umezikwa na hauonekani tena. Sivyo. Zipo bustani ambazo hadi leo unaingia bila kulipa, unanunua tiketi kibandani na kupanda mchezo unaoutaka. Na zipo ambazo inabidi uchague tarehe, upakue programu kwenye simu na uamue mapema kama utalipia kuwapita wenzako kwenye foleni. Zote ziko wazi mwaka huu. Kwa hiyo kulinganisha zamani na sasa si masimulizi tu. Ni uamuzi ambao mtu anaufanya kwa pesa yake, na kwa anayetafuta kazi, kwa mgongo wake na miguu yake.

Nisizunguke. Kama ni kutembea, napendelea mtindo wa zamani, hasa ukiwa na watoto wadogo au wazee. Kama ni kufanya kazi, mtindo wa sasa ni afadhali, tena kwa mbali. Mambo hayo mawili hayapingani, ingawa kwa mara ya kwanza yanasikika kama yanapingana.

Unanunua nini hasa

Disneyland ilipofunguliwa Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955, mtu mzima alilipa dola 1 kuingia, kisha akalipia kila mchezo peke yake, kuanzia senti 10 hadi 35. Siku yenyewe ya uzinduzi ilikuwa vurugu: mafundi bomba walikuwa wametoka kwenye mgomo, hivyo mabomba mengi ya maji ya kunywa yalikuwa makavu, na lami ilikuwa bado laini kiasi cha kunasa visigino vya viatu vya akina mama. Oktoba mwaka uleule kikaja kitabu cha tiketi 8 kwa dola 2.50, tiketi zikiwa na madaraja A, B na C. Daraja la D likaongezwa mwaka 1956, na E, la michezo mikubwa kuliko yote, mwaka 1959. Watu walirudi nyumbani na tiketi za A kibao mfukoni kwa sababu za E ndizo zilizokuwa zinakwisha kwanza.

Six Flags Over Texas, iliyofunguliwa Arlington mwaka 1961, ilichukua njia nyingine: bei moja mlangoni, ndani unapanda mpaka uchoke. Njia hiyo ndiyo iliyoshinda. Disneyland yenyewe iliachana na vitabu vya tiketi mwaka 1982 na kuanza kuuza tiketi ya siku nzima.

Hatua ya tatu ndiyo tuliyomo sasa. Mwaka 1999 Disney walileta utaratibu wa kuingiza tiketi yako kwenye mashine, nayo ikakutolea kikaratasi cha saa ya kurudi. Ukirudi saa hiyo unapita njia fupi. Ulikuwa bure kwa kila mtu. Mwaka 2021 huduma ya namna hiyo ikarudi kwa jina jipya na kwa malipo, na sasa kuna hata kifurushi cha juu kabisa ambacho kwa mtu mmoja, kwa siku moja, kinafika mamia ya dola juu ya tiketi ya kuingilia. Zamani uliuziwa mchezo. Baadaye ukauziwa siku. Siku hizi kinachouzwa kwa faida kubwa ni nafasi yako kwenye foleni.

Bei ya mlangoni nayo imeacha kuwa moja. Tangu 2016, tiketi ya siku moja ya Disneyland inategemea umechagua siku gani. Oktoba 2024 ya chini ilikuwa dola 104 na ya juu dola 206. Ili usilinganishe dola za enzi mbili tofauti, pima kwa saa za kazi. Mwaka 1955 kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani kilikuwa senti 75 kwa saa, kwa hiyo kitabu kile cha dola 2.50 kilikuwa jasho la saa 3 na dakika 20. Mwaka 2024 kima cha chini cha California kilikuwa dola 16. Siku ya bei nafuu ni saa 6 na nusu. Siku ya sikukuu ni karibu saa 13, na bado hujaegesha gari wala hujala. Haki ni haki: kitabu cha 1955 kilikupa michezo 8, tiketi ya leo haina kikomo. Lakini "haina kikomo" ni maneno ya karatasini tu siku ambayo kila mchezo mkubwa una foleni ya zaidi ya saa nzima.

Sasa weka pembeni yake Knoebels, iliyoko Elysburg, Pennsylvania. Ilianza mwaka 1926 na hadi leo iko mikononi mwa familia ileile. Kuingia bure, kuegesha bure, hata mbwa anaruhusiwa akiwa amefungwa kamba. Bibi asiyepanda chochote anakaa kivulini kutwa nzima akiangalia wajukuu bila kulipa senti. Rola kosta yao ya mbao (kitreni cha mchezo kinachopanda na kuteremka relini kwa kasi) iitwayo Phoenix haikujengwa pale. Ilikuwa imeachwa kwenye bustani iliyofungwa San Antonio, Texas, wakaifungua vipande na kuisimamisha upya mwaka 1985. Uamuzi wa namna hiyo unaeleza mengi kuhusu mwenye mali: hakuwa na haja ya kuzindua kitu kipya kila mwaka ili apandishe bei.

Tivoli ya Copenhagen, iliyofunguliwa mwaka 1843, iko katikati ya mitindo hiyo: unalipa kiingilio, kisha unachagua kulipia mchezo mmoja mmoja au kununua pasi ya kupanda yote. Holiday World iliyoko Indiana, ambayo ilianza mwaka 1946, inatoza bei moja ya mlangoni, lakini soda ni bure tangu mwaka 2000, na krimu ya kujikinga na jua pia. Kwa hiyo ninaposema mtindo wa zamani simaanishi umri wa bustani. Namaanisha tabia ya kutokurudia kukunyooshea mkono kila mara baada ya kukuingiza.

Kuna mtu mmoja ambaye mtindo wa kulipa kwa kila mchezo unamwonea: kijana wa miaka 17 anayetaka kupanda rola kosta ileile mara kumi. Huyo apelekwe kwenye bei moja, au anunue pasi. Wazazi wanaobishana naye kibandani kila baada ya dakika ishirini wanajiharibia siku bure.

Foleni, mahali penye ukweli

Matangazo ya huduma ya kuruka foleni huzungumzia muda unaookoa wewe. Hayazungumzii unatoka wapi.

Chukua mfano mwepesi. Rola kosta ina treni za watu 24, na kila baada ya dakika 2 treni moja inaondoka. Hiyo ni watu 720 kwa saa, na hakuna tiketi ya bei yoyote inayoweza kuwafanya wawe 721. Kama watu 360 wamepanga foleni ya kawaida na hakuna njia nyingine, wa mwisho wao anasubiri nusu saa. Fungua njia ya kulipia, mpe kila treni nusu ya viti, na watu walewale 360, bila kuongezeka hata mmoja, wanasubiri saa nzima. Mashine haijaongeza kasi. Dakika zimehamishwa kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na bustani imechukua chake pale katikati.

Ukitaka kuona jambo hili kwa macho, simama pale njia mbili zinapokutana. Utamkuta kijana mwenye sare, mara nyingi mdogo kuliko wengi anaowazuia, anapitisha kundi kutoka njia ya kulipia, anainua kiganja kuwasimamisha wa foleni ya kawaida, anapitisha kundi lingine la kulipia, kisha anawaachia wachache wa kawaida. Familia iliyosimama kwa muda mrefu inamwangalia usoni. Uwiano huo hakuupanga yeye, na hana mamlaka ya kuubadilisha. Nitarudi kwake tukifika kwenye kazi.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye risiti: kupanga. Katika Walt Disney World ya Florida, kuanzia 2021 hadi katikati ya 2024, aliyelipia huduma hiyo aliamka kabla ya saa moja asubuhi kwa sababu ndiyo saa nafasi zilipofunguliwa. Tangu Julai 2024 unachagua mapema: wanaolala kwenye hoteli zao siku 7 kabla, wengine siku 3 kabla. Asiyejua hilo anafika asubuhi na kukuta nafasi nzuri zimekwenda. Likizo inaanza kufanana na ofisi, na ndani ya familia lazima apatikane mmoja wa kushika simu siku nzima huku betri ikimaliza chaji. Kwa mtu anayependa kupanga, ni raha tupu. Nawajua watu wa aina hiyo na siwabezi. Kwa wengine wote, bustani ya kutembea bila ratiba ina thamani ambayo haiandikwi kwenye tangazo.

Hata hivyo, usichukulie kwamba kila bustani kubwa ya kisasa imechukua njia hiyo kwa ukali uleule. Efteling ya Uholanzi, iliyofunguliwa mwaka 1952 na kumilikiwa na taasisi isiyo ya wanahisa, ni kubwa na ya kisasa, na bado msitu wake wa hadithi za watoto unatembelewa kwa miguu, polepole, na mapipa ya taka yenye sura ya mtu mnene yanawasihi watoto wayalishe karatasi. Watoto huokota taka ambazo si zao ili tu wasikie shukrani.

Zamani haikuwa ya kila mtu

Hapa ndipo ninapowakatiza wanaosifia zamani bila breki. Bustani nyingi za Marekani za nusu ya kwanza ya karne ya 20 hazikuwaruhusu watu weusi kuingia, au ziliwatengea siku chache kwa mwaka. Glen Echo, karibu na Washington, ilifungua milango kwa wote mwaka 1961 baada ya maandamano ya kiangazi cha 1960 ambamo wanafunzi walikamatwa wakiwa wamekaa juu ya farasi wa mbao wa bembea la kuzunguka. Gwynn Oak ya Baltimore ilikubali tarehe 28 Agosti 1963, siku ileile ya maandamano makubwa ya haki za raia mjini Washington. Mtoto wa miezi 11 akawa mtoto mweusi wa kwanza kupanda bembea lake la farasi. Bembea hilo baadaye lilihamishiwa National Mall, eneo la wazi la makumbusho katikati ya Washington.

Usalama nao. Action Park ya New Jersey, iliyoendeshwa kutoka 1978 hadi 1996, inasimuliwa leo kwa kicheko, lakini watu 6 walifia humo. Mwaka 1984, ndani ya jumba la kutisha la Six Flags Great Adventure, pia New Jersey, vijana 8 waliteketea. Jengo halikuwa na vinyunyizio vya maji vya kuzimia moto. Kwa hiyo unapochagua bustani ya mtindo wa zamani, chagua bei zake na utulivu wake, na hakikisha inakaguliwa kwa kanuni za leo. Bustani ndogo iliyotunzwa vizuri haina aibu ya kukuonyesha kibandiko cha ukaguzi kwenye mashine. Isiyotaka kuulizwa, ondoka.

Kwa wenye ulemavu, sasa ni bora kuliko zamani, japo mambo hayatulii. Disney walibadilisha utaratibu wao wa kuwasaidia wasioweza kusimama kwenye foleni mwaka 2013, baada ya ule wa awali kutumiwa vibaya na watu wazima wenye afya zao, kisha wakaukaza tena mwaka 2024. Ukihitaji huduma hiyo, soma masharti ya mwaka huu na usitegemee ushauri wa rafiki aliyekwenda miaka mitatu iliyopita.

Na kama ulipanga kuwashusha vijana getini na kurudi kuwachukua jioni kama wazazi walivyofanya zamani, uliza kwanza. Miaka ya karibuni, baada ya vurugu za makundi ya vijana, bustani kadhaa za Marekani zimeweka sharti kwamba walio chini ya umri fulani waingie na mtu mzima, hasa jioni.

Aliyeshika breki na aliyeshika kitufe

Kwenye Tivoli kuna rola kosta ya mbao ya mwaka 1914. Ndani ya kila treni, kati ya abiria, ameketi mfanyakazi mwenye kazi moja: kushika breki. Hakuna kompyuta inayompunguzia mwendo kwenye mteremko. Anaisikia treni, anajua ni nzito kiasi gani leo, anajua reli ikilowa mvua inabadilika vipi, na anavuta mtaimbo pale anapoona panafaa. Luna Park ya Melbourne ina ya mwaka 1912 inayoendeshwa kwa njia hiyohiyo. Duniani zimebaki chache kabisa. Mshika breki hajifunzi kazi hiyo kwa siku moja ya semina, na ukimtoa, treni haiendi.

Mfanyakazi wa rola kosta ya leo anafanya kazi nyingine kabisa. Anapita kando ya treni akivuta mikanda na kusukuma vyuma vya kifuani kimoja kimoja, anampungia mwenzake kidole gumba, kisha wawili, kila mmoja mahali pake, wanabonyeza vitufe kwa pamoja. Mmoja akiachia, treni haitoki. Njia nzima imegawanywa vipande, na kompyuta hairuhusu treni kuingia kipande ambacho bado kina treni nyingine. Utaalamu umehama kutoka mkononi mwake kwenda kwenye mfumo. Kazi yake ni kurudia jambo lilelile bila kosa mara mia kadhaa kwa zamu, juani, huku saa ya ukutani ikihesabu sekunde kati ya treni moja na nyingine.

Je, ni salama zaidi? Kwa ujumla ndiyo, mradi watu wauheshimu mfumo. Alton Towers ya Uingereza ilionyesha nini hutokea wasipouheshimu. Tarehe 2 Juni 2015, kompyuta ya rola kosta iitwayo Smiler ilisimamisha treni kwa sababu mbele kulikuwa na treni tupu iliyokwama. Mafundi walidhani kompyuta imekosea, wakaipuuza na kuiachia treni yenye abiria. Watu 16 waliumia, na wasichana wawili walikatwa mguu. Kampuni ilitozwa faini ya pauni milioni 5 mwaka uliofuata. Uchunguzi haukumtupia lawama kijana wa kitufe. Ulisema kampuni haikuwa na utaratibu madhubuti wa kuongoza mafundi hitilafu inapotokea. Anayeomba kazi ya kuendesha mashine aikumbuke kesi hiyo. Swali la kwanza kwa mwajiri: mashine ikijisimamisha, nani ana ruhusa ya kuianzisha tena, na kwa hatua zipi?

Kazi: uso wako, mshahara wako, sauti yako

Zamani ya wafanyakazi inapendeza zaidi kwenye picha kuliko kwenye karatasi ya mshahara. Chukua nywele tu. Walt Disney mwenyewe alikuwa na masharubu, lakini wafanyakazi wa bustani zake hawakuruhusiwa kuyafuga mpaka mwaka 2000. Ndevu zilisubiri mpaka 2012, na michoro ya mwilini inayoonekana mpaka 2021. Miaka ya 1960 hata mgeni mwanamume mwenye nywele ndefu angeweza kurudishwa mlangoni.

Au chukua jambo ambalo nikiwasimulia watu hawaniamini. Mpaka mwaka 2001, waliovaa mavazi ya wanyama na wahusika wa katuni katika Walt Disney World walikuwa wanatumia nguo za ndani za pamoja, zinazofuliwa na kampuni na kugawiwa upya. Walilalamika kuhusu chawa na upele. Ilibidi chama cha wafanyakazi kiingie kwenye majadiliano ya mkataba ili kila mtu apate zake na aende kuzifua nyumbani. Fikiria joto la Florida mwezi wa saba, ndani ya kichwa cha manyoya, unakumbatiwa na watoto mia, na nguo uliyovaa ndani jana alikuwa nayo mwingine.

Vyama vilikuwepo zamani pia. Wafanyakazi wa Disneyland waligoma kwa siku 22 mwaka 1984, wakarudi kazini bila kupata mengi. Tofauti ya sasa ni matokeo. Mei 2024 waigizaji wa wahusika na wa gwaride la Disneyland, ambao kwa miongo yote walikuwa nje ya chama, walipiga kura kujiunga: 953 walikubali, 258 walikataa. Julai mwaka huohuo, mkataba uliohusu wafanyakazi wapatao 14,000 wa pale ulipandisha kima cha chini hadi dola 24 kwa saa. Desemba ikaja suluhu ya kesi ya mishahara ya dola milioni 233, iliyotokana na sheria ambayo wapiga kura wa Anaheim waliipitisha mwaka 2018. Rudi kwenye hesabu ya tiketi: anayelipwa dola 24 anainunua siku ya bei nafuu kwa saa 4 na dakika 20. Mgeni anaporudi nyumbani akinung'unika kuhusu bei, sehemu fulani ya kile anachonung'unikia imeingia mfukoni mwa mtu aliyemfunga mkanda. Si sehemu kubwa, wala sitaki kuipaka rangi, lakini ipo.

Yaliyoharibika yapo pia. Kijana yule niliyemtaja, wa kwenye makutano ya foleni, anabeba hasira ambazo mwenzake wa 1975 hakuzijua, na anazibeba akiwa anarekodiwa kwa simu tatu. Kampuni kubwa huajiri kwa maelfu na kufukuza kwa maelfu: Septemba 2020 Disney walitangaza kupunguza watu 28,000 Marekani, wengi wao wafanyakazi wa saa chache. Na bustani hizo ziko kwenye miji ambayo kodi ya nyumba inakimbizana na mshahara.

Bustani ndogo za kifamilia zina utu ambao kampuni kubwa inaweza kuuandika tu kwenye kijitabu cha mafunzo. Mwenye mali unamwona akiokota taka. Utajifunza kuuza tiketi, kukaanga viazi na kuendesha bembea ndani ya msimu mmoja. Lakini kuna jambo la kisheria ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: nchini Marekani, sheria ya shirikisho ya kazi inaziondoa bustani za burudani zinazofungua kwa muda usiozidi miezi 7 kwa mwaka kwenye wajibu wa kulipa kima cha chini cha shirikisho na malipo ya ziada ya saa zinazozidi 40 kwa wiki. Baadhi ya majimbo yana sheria zake zinazoziba pengo hilo, mengine hayana. Wiki ya saa 60 ya mwezi wa saba inaweza kulipwa saa 60 za kawaida, na ikawa halali kabisa. Bustani inayofungua mwaka mzima kwa kawaida haina mwanya huo.

Soko la ajira nalo husawazisha mara nyingine. Mwaka 2021, wafanyakazi walipoadimika, Cedar Point ya Ohio ilipandisha malipo ya wa msimu hadi dola 20 kwa saa. Dollywood ya Tennessee ilianza mwaka 2022 kulipia karo ya masomo kwa wafanyakazi wake, wakiwemo wa msimu na wa saa chache, tangu siku ya kwanza kazini. Kwa kijana anayetaka kusoma, hilo linaweza kuzidi tofauti ya dola mbili tatu kwa saa.

Basi uchague nini

Familia yenye watoto chini ya miaka minane na wazee: bustani ya kuingia bure au yenye kiingilio kidogo. Watoto wa umri huo hufurahia bembea la farasi sawasawa na mchezo uliogharimu mamia ya mamilioni, na wakichoka saa nane mchana hakuna tiketi ya dola 200 inayokuuma rohoni.

Mtu mwenye ndoto ya mchezo mmoja mahususi, uliojengwa mahali pamoja tu duniani, aende huko bila kujilaumu, ila achague siku ya katikati ya wiki shule zikiwa zimefunguliwa. Siku hiyo tiketi iko karibu na bei ya chini, na huduma ya kuruka foleni mara nyingi haihitajiki. Kuinunua siku yenye watu wachache ni kuitupa pesa. Kuikataa siku ya sikukuu, ukiwa umesafiri kutoka mbali, ni ubahili unaokula siku yako. Hapo nunua, nyamaza, panda.

Mpenda rola kosta mwenye kijana wa miaka 17: bei moja, au pasi ya msimu kama anaishi karibu.

Kwa kazi: ukiwa na miaka 16 na unaishi nyumbani kwa wazazi, msimu wa kwanza kwenye bustani ndogo utakufundisha mengi kwa hatari ndogo. Ukijitegemea, nenda penye chama cha wafanyakazi na milango inayofunguliwa mwaka mzima, hata kama utalazimika kutabasamu kwa agizo. Wanafunzi wa vyuo kutoka nje ya Marekani huingia kwa viza ya J-1 ya kazi za kiangazi, ambayo ukomo wake ni miezi 4, na wengi hupangiwa kwenye bustani za msimu. Kwao makazi ya kampuni ndiyo mtego au ndiyo nafuu. Kabla ya kusaini ulizia ni kiasi gani kitakatwa kwenye mshahara kila wiki kwa kitanda na usafiri, chumba kimoja kina watu wangapi, na umehakikishiwa saa ngapi za kazi kwa wiki. Uliza pia kuhusu siku za radi. Rola kosta zikifungwa saa sita mchana, mnaendelea kulipwa mkifagia na kupanga viti, au mnarudishwa bwenini bila malipo huku makato yakibaki palepale? Jibu la hilo lisiwe la mdomo. Liwe kwenye karatasi.